Mvita na Amu
Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, ndiyo Mvita, nimeolewa Amu, yaani Lamu. Wallahi ubishi wa miji hii hauishi! Vita vya Shela, kijiji cha huku Amu, vya karibu mwaka 1812, mawifi zangu wanavisimulia utadhani vilipiganwa juzi: Wamazrui, watawala wa Mombasa, na wenzao Wapate wameshindwa na Waamu, wamekimbilia majahazi, maji yametoka, vyombo vimekwama mchangani. Nami huwajibu kwa beti za Muyaka, malenga wetu wa Mombasa.

Lakini kwa Maulidi nawavulia kofia. Zefe, yale maandamano ya kaswida, linaelekea msikiti wa Riyadha, matari yanalia, kanzu nyeupe zimejaa njia nzima, na wageni wanafunguliwa majumba wale na walale. Mombasa hatuna mfano wake.

Kwenye mahamri ndipo sikubali. Ya kwetu, yaliyokandwa kwa tui zito na iliki, yakishuka na mbaazi, hayana mpinzani. Ijumaa nawapikia, waonje wenyewe.