Daftari la besi

Jumapili, usiku

Leo nimeimba. Naandika kabla sijalala, kwa sababu kesho alfajiri nitakuwa mikoroshoni, na jioni mkono wa kushika kalamu utakuwa umekwisha kwa mashine ya kupulizia salfa.

Tangu Machi sikuwa nimetoa sauti kanisani. Kuhudhuria nilihudhuria. Nilivaa sare, nikasimama mahali pangu kwenye mstari wa besi, sauti ya chini kabisa ya kwaya, nikafungua daftari kama wenzangu. Mpiga kinanda akitoa do, koo linafunga. Wala sikuwa nalia, maana machozi yangekuwa nafuu. Kulikuwa kukavu tu, kama korongo la mto mwezi wa Oktoba. Na nyumbani kusali kulinishinda vilevile. Nilipiga ishara ya msalaba, nikakaa, nikainuka, basi.

Mdogo wangu alifariki wiki ya tatu ya Kwaresima. Pikipiki, barabara ya Masasi, jioni ya mvua. Kuhusu ajali yenyewe siandiki zaidi.

Tuliimba besi pamoja miaka kumi na sita. Anayesikiliza kutoka kwenye mabenchi huona sauti ya kwanza ndiyo wimbo, na si kosa lake, maana ndiyo inayobeba maneno mpaka masikioni. Lakini aliyewahi kusimama katika besi anajua kazi yetu. Sisi ni msingi wa nyumba. Besi ikishuka nusu hatua, kwaya nzima inashuka nayo na hakuna anayejua imeanzia wapi. Besi ukiimba peke yako, sauti za juu zinakuvuta polepole mpaka unajikuta umehamia kwa akina mama. Unahitaji mtu wa pembeni. Mimi nilikuwa na sauti nene lakini sikio zito, yeye alikuwa na sauti ya kawaida na sikio ambalo halikudanganyika. Mimi nilimpa nguvu, yeye alinipa njia.

Noti za mistari mitano hatukuzisoma kamwe. Tulilelewa katika solfa: d, r, m, f, s, l, t, kwa herufi, na nukta mbili za kutenganisha mapigo. Solfa hiyo ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na mwanamke mwalimu, Sarah Glover, kisha John Curwen akaiendeleza na kuisambaza ili watu wasio na piano wala shule ya muziki waweze kuimba kanisani. Wamisionari wakaja nayo Afrika. Kila nikifikiria hilo namshukuru yule mama, kwa sababu bila yeye mimi na mdogo wangu, watoto wa mkulima wa korosho, tusingeweza kushika kipande cha sauti nne tukakiimba jioni ileile.

Mdogo wangu solfa zake zote aliziandika kwenye daftari moja kubwa lenye gamba gumu. Kwa kalamu ya wino aliandika herufi, na kwa penseli alichora mkwaju mdogo, yaani kistari cha kuinama, mahali pa kuvuta pumzi. Waalimu wengi wa kwaya hawaonyeshi mahali pa kupumua, kila mtu anavuta anapoishiwa na sentensi inakatika vipande. Yeye alikaa na maneno kwanza, akayasoma kama masomo ya Misa, akatafuta mahali ambapo mtu anayemwambia Mungu jambo hilo angetua. Ndipo akachora.

Usiku wa kwanza wa matanga kwaya ilikuja kwa miguu, ikiwa na kayamba moja na ngoma ndogo. Hawakuleta spika, na hilo nalishukuru mpaka leo. Siku hizi misiba mingine inapigiwa kinanda cha mapigo na spika mbili kubwa mpaka mfiwa hawezi kusikia anayempa pole. Mimi naona si sawa. Msibani sauti ya mtu inatosha, tena ikiwa imekwaruza ni vizuri zaidi.

Walisali rozari, wakaimba, wakasali, wakaimba. Kwa kuwa ilikuwa Kwaresima hapakuwa na Aleluya hata moja, na kwangu hilo lilikuwa haki. Nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na sikio langu halikwenda kwenye maneno. Lilikwenda chini, kwenye besi. Tulikuwa wanne, mmoja yuko ndani amefunikwa shuka nyeupe, mmoja yuko ukutani amefunga mdomo. Wawili waliobaki walikuwa wakijitahidi, lakini mstari ulikuwa mwembamba, nikausikia unayumba. Ndipo mzee mmoja, aliyeacha kwaya miaka mingi kwa sababu ya kifua, akainuka kutoka kwenye mkeka wa wazee, akajikohoza, akasimama nyuma ya wale wawili. Akaingia. Hakuwa na daftari. Mstari ukakaa.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile isipokuwa kwamba ndiyo sala pekee niliyosali wiki ile, na sikuisali mimi. Walinisalia.

Jirani yetu wa mbele ni Mwislamu, mzee wa heshima. Alituletea mikeka na kuni kabla hata hatujaomba, akakaa nasi siku zote tatu mpaka tulipoanua matanga. Kama wiki mbili baadaye nilipita kwake kumrudishia mikeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza." Akaninyamazia kidogo, kisha akasema, "Usiku ule nililala barazani. Maneno mengine sikuyashika. Lakini ile sauti nene, ile ya chini, ndiyo iliyoniketisha. Nikasema alhamdulillahi, nyumba ile haikuachwa peke yake."

Nilikwenda nyumbani nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila wamepigwa, miguu yao iko kwenye mkatale, ni usiku wa manane, na wanamwimbia Mungu. Tangu utoto nilipenda sehemu ya tetemeko na milango kufunguka. Safari hii nilisimama kwenye maneno madogo yaliyotangulia tetemeko: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Milango ilikuwa bado imefungwa. Mtu amelala gizani na shida zake, anasikia mwingine mwenye shida kama zake anaimba.

Usiku wa Pasaka kengele zikapigwa, wimbo wa Utukufu ukarudi baada ya siku arobaini za kunyamaza, watu wakapiga vigelegele mpaka bati likatetemeka. Mimi nilisimama katikati ya furaha ile nikiwa nimefunga mdomo. Nilijiambia kwamba ni uaminifu. Kuimba "Utukufu kwa Mungu juu" wakati sina utukufu wowote ndani yangu, nilifikiri, ni kusema uongo mbele ya altare.

Wazo hilo nililibeba hadi Juni, na nilikuwa na wa kuniunga mkono, tena mtu mkubwa. Kwenye sare zetu nyuma yameandikwa maneno ambayo kwaya nyingi huyapenda, kwamba aimbaye vema husali mara mbili, na huwa tunasema ni ya Mtakatifu Augustino. Katika semina moja ya kwaya padre alitueleza kwamba kwa namna hiyo hasa maneno hayo hayapatikani katika maandishi yake. Alichoandika Augustino kuhusu kuimba kina uzito zaidi, na kina hofu. Alikiri kwamba baada ya kubatizwa Milano, mwaka 387, alilia sana akisikia nyimbo za kanisa, na machozi yale yalimfaa. Lakini baadaye, akiwa askofu, aliona hatari: kwamba mara nyingine sauti ilimgusa kuliko kile kilichoimbwa, na hapo alijiona ametenda dhambi, akatamani bora asingemsikia mwimbaji. Nilimwelewa. Sauti tamu inaweza kukupa machozi ambayo hayana Mungu ndani yake.

Kisha nikamkumbuka bibi yetu. Aliimba Kilatini cha Misa ya zamani akiwa amekaa uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, na hakujua maana ya neno hata moja zaidi ya "Kyrie" na "Amen". Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeshatoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, na humo ukasema muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake. Ngoma ikaingia kanisani, Kiswahili kikaingia, na bibi alicheza kwa furaha kama wote. Lakini kwenye korosho alirudi kwenye Kilatini chake. Je, alikuwa anafurahia sauti tu? Nilimwona akiimba siku aliyopata habari kwamba mwanawe wa kwanza amefia Lindi. Sitakubali mtu aniambie kwamba ile haikuwa sala.

Mwezi uliopita nilimpeleka mke wangu Ndanda kwa mambo ya kliniki, tukachelewa, jioni ikatukuta. Nikaingia kanisa la abasia wakati wamonaki wanaimba masifu. Wabenediktini wako pale chini ya uwanda wa Makonde tangu 1906, mwaka mmoja baada ya vita ya Majimaji kuteketeza misheni zao za mwanzo huku kusini, Lukuledi na Nyangao. Walianza upya penye majivu, na hata jioni ile walikuwa wanaimba zaburi, upande mmoja unaimba, upande wa pili unapokea, bila haraka, bila mtu kuonyesha sauti yake.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto niliisoma zamani. Anataka zaburi zote 150 ziimbwe kila wiki. Na Zaburi ya 88, ile nzito kuliko zote, ambayo haina hata mstari wa mwisho wa faraja, inayoishia gizani, ameipangia siku: Alhamisi asubuhi. Si siku ya mtu aliyefiwa, wala siku anayojisikia hivyo. Ni Alhamisi, uwe umeamka na furaha au hukulala. Nikiwa kwenye lile benchi nikaelewa. Aliyeshiba anaimba kilio cha aliyezama, kwa sababu siku hiyo kuna aliyezama na hawezi kuimba mwenyewe. Wakati mimi nimefunga mdomo mwezi Machi, kuna mahali Alhamisi mtu niliyekuwa simjui aliimba giza langu.

Na kama ni hivyo, basi hata Utukufu haukuwa wangu hata niuzuie. Benedikto anaandika pia kwamba tusimame kuimba zaburi kwa namna ambayo akili yetu ipatane na sauti yetu. Siku zote nilikuwa nimeligeuza: nilidhani sauti ndiyo inapaswa kusubiri moyo. Yeye sauti ameitanguliza. Sauti inatangulia, moyo unakuja nyuma yake kama mtoto anayemfuata mama yake shambani, mara anakaa chini, mara anakimbia.

Kuelewa hakukufungua koo, lakini. Jumapili tatu zilizofuata nilinyamaza vilevile.

Leo ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa kwaya ameongeza kijana katika besi, mwanafunzi wa kidato cha nne, sauti imemvunjika juzi tu. Alimsimamisha upande wangu wa kushoto, mahali pale. Hakuniuliza, na nadhani alifanya makusudi. Nilikasirika kidogo, nakiri. Wote tulikuwa tunakohoa, maana huu ni msimu wa ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, kila mtu anapuliza salfa na vumbi la njano linakaa kwenye koo hadi Agosti. Mtoto akaanza Utukufu vizuri. Mistari miwili. Kwenye wa tatu nikasikia sauti za juu zimemshika. Alikuwa anapanda, hajui kama anapanda, macho ameyakodoa kwenye karatasi kama mtu anayetafuta njia usiku. Nikajua bado kidogo atanyamaza, na akinyamaza kwa aibu hatarudi Jumatano. Nimeona vijana wengi wakipotea hivyo.

Nikamwinamia, nikampa noti sikioni. So. Kisha la. Kisha nikaona noti bila maneno haimtoshi, nikatia maneno. Nilikuwa ninaimba.

Haikuwa nzuri. Sauti ilitoka na salfa na miezi minne ya kutu. Mtoto akashika, akakaa juu ya sauti yangu kama nilivyokuwa nikikaa juu ya sikio la mdogo wangu. Daftari lilikuwa wazi mbele yetu, lile la gamba gumu, na tulipofika "uondoaye dhambi za ulimwengu" nikauona mkwaju wa penseli, nikavuta pumzi pale alipotaka nivute. Na kijana akavuta. Ukaja mwingine, tukavuta tena. Ndipo machozi yakaja, nayo hayakunizuia kuimba. Yalishuka tu huku mdomo unafanya kazi yake.

Sikujisikia furaha, na nisiiweke hapa isipokuwapo. Niliporudi kukaa, wakati wa somo la kwanza, niligundua nimesema "Bwana, mpokee" kimoyomoyo. Maneno mawili. Ya kwanza yangu mwenyewe tangu Machi.

Baada ya Misa kijana alinifuata penye mwembe.

"Njomba, shikamoo. Naomba lile daftari nikanakili. Mimi nina karatasi tu, na hazina zile alama za penseli."

Nilisita. Tangu mazishi daftari halijalala nje ya nyumba yangu. Nikamwambia alirudishe Jumatano, kwenye mazoezi, saa kumi, na anakili na mikwaju yote, asiache hata mmoja. Akaitikia. Akalipangusa vumbi kwa kiganja, akalitia chini ya shati, akafunga vifungo mpaka juu, ndipo akapanda baiskeli.