Kumbukumbu ya Toyota RunX: resoti za mbele, 8 au 4?

Safari hii kalamu imefanya kazi kuliko spana. Amotisa (shokapu) za kurekebisha nilizonunua, mitumba ya Japani, zimekuja na resoti (springi) za mbele za 8, yaani unahitaji kilo 8 kuzibonyeza milimita moja. Vijana wa garaji wamezishangilia. Mimi resoti hizo nimeziweka rafuni.

Motoka yangu ina kama kilo 1,150, na sehemu kubwa iko mbele. Ukitoa gurudumu, breki na vyuma vingine ambavyo resoti haivibebi, kila upande wa mbele unabaki na takriban kilo 300. Gawanya kwa 8: motoka ikisimama, resoti inabonyea milimita 37 tu. Hiyo ndiyo akiba ya gurudumu kushuka likikuta shimo. Ikiisha, pine linaning'inia na motoka inaangukia shimo kwa uzito wake wote. Resoti ya 4 inabonyea 75. Kwa mtu anayepita Katuba, hapa Lubumbashi, mvua ikishapiga, kwangu mjadala ulikuwa umekwisha hapo.

Nikahesabu pia motoka itapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Motoka za kawaida hucheza kati ya mara 1 na 1.5, za michezo zinazotembea barabarani hufika karibu 2. Kwa 8 napata 2.6, kitu cha uwanja wa mashindano. Kwa 4 ni 1.8. Nilifikiria hata 3, lakini amotisa hizi ni fupi: resoti laini namna hiyo ingekula nafasi na kutufikisha kwenye mpira wa mwisho, ule unaoizuia amotisa ikibonyea kabisa, kwa kila dodani (tuta la barabarani).

Fundi mkuu hakuridhika. “Papa, funga hizo za 4, halafu kaza ekru (nati) ya chini inayobana resoti, zitakuwa ngumu tu.” Hapana. Resoti ya 4 hubaki ya 4 hata uikaze vipi. Unachopata ni motoka kuinuka na ile akiba ya kushuka kuliwa. Amotisa hizi zina ekru nyingine kwenye mguu kwa ajili ya kimo, kwa hiyo ya resoti nimeikaza mpaka isichezecheze, basi. Motoka nimeishusha kidogo sana. Pine za 195/60 R15 zimebaki zilezile, maana shavu nene ni resoti ya bure.

Kizungushio cha juu, kile cha kukaza au kulegeza amotisa, ndicho kilichonifundisha mengi. Amotisa haibebi uzito, inapunguza tu kasi ya resoti kubonyea na kurudi. Nilikibana karibu mpaka mwisho nikaingia njia ya vumbi yenye mikunjo mikunjo. Mwanzoni raha, motoka imetulia. Kadiri mikunjo ilivyofuatana, pua ikazama, ikazama, kisha ikaanza kugonga. Resoti haikupata muda wa kurudi kabla ya tuta lililofuata. Ukiwa ndani utaapa kwamba resoti ni laini mno, kumbe kinachotakiwa ni kulegeza. Nimelegeza hatua kwa hatua mpaka kugonga kukaisha, na sasa kipo chini kidogo ya katikati.

Nyuma bado kuna resoti za kiwanda. Maurice Olley, mhandisi wa General Motors miaka ya 1930, alionyesha kwamba nyuma icheze haraka kidogo kuliko mbele, kwa kuwa nyuma hulipata tuta ikiwa imechelewa na inabidi iifikie mbele. Ila nyuma yangu hubeba familia na makala, uzito unabadilika kila mara, kwa hiyo sinunui kitu kabla ya kupima. Nimefunga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya kila amotisa, imebana kiasi cha kusukumika. Jumamosi tunaenda Likasi motoka ikiwa imejaa. Nyuma kamba ikisukumwa mpaka kwenye mpira wa mwisho, natafuta resoti ngumu zaidi. Ikibakiza vidole viwili, za kiwanda zinabaki.