Miwani ya bibi kwenye kivuko

Juzi nimepita daraja la Kigongo–Busisi kwa mara ya kwanza tangu lifunguliwe 2025. Kilomita kama 3 hivi, karanga zako hujazimaliza ushatokea ng'ambo. Wenzangu kwenye gari walikuwa wanapiga picha, mimi nachungulia kule chini ambako kivuko kilikuwa kinapita, nikamkumbuka bibi, na nikakumbuka kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu nyumbani.

Ilikuwa Februari 2009, niko form two. Bibi mzaa mama alikuwa anaishi kijijini Sengerema na macho yanamsumbua, mjomba akanituma nikamchukue nimlete Mwanza aonwe na daktari. Macho ya bibi yalikuwa mekundu, yaani mekundu kweli. Kwao miti iliisha kitambo, amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha, sisi wajukuu tulijua ni moshi tu. Ila kwetu Usukumani bibi kizee mwenye macho mekundu hahitaji kesi ya uchawi, hukumu anatembea nayo usoni, na wako waliokatwa mapanga usiku kwa sababu hiyo hiyo.

Pale Busisi mkifika mnashuka kwenye Hiace, magari yanaingia, nyie mnafuata kwa miguu. Tulivyoingia kulikuwa na dada mmoja na mtoto wake mwenye ualbino, kama miaka 6 hivi, kofia pana na shati la mikono mirefu na jua lile. Kijana mmoja akamwambia mwenzie, "Dili hilo."

Weee! Kivuko kizima kikamgeukia. Kumbuka kipindi kile mauaji ya watu wenye ualbino, viungo vyao viuzwe kwa waganga, yalikuwa yamechafua kanda yote ya ziwa, na mwezi uliopita tu Waziri Mkuu Pinda alikuwa amelia bungeni kwa ajili ya jambo hilo. Mama mmoja mwenye matenga ya sangara wa kukausha, mtoto mgongoni, ndo akawa mbele: "We kijana huna mama? Huyo si binadamu kama wewe? Pinda analia wewe unacheka?" Mzee mmoja wa balaghashia akasema tukifika Kigongo akabidhiwe polisi. Kijana akaapa kwa Mungu alikuwa anatania tu, akahamia nyuma ya lori la mkaa hatukumwona tena. Na mimi nikajisikia vizuri, utadhani nimesema kitu.

Bibi akaona nafasi kwenye benchi karibu na yule mama wa sangara, akakaa, akasalimia kama anavyosalimia kila mtu, "Mwangaluka, mayu."

Mama akamwangalia usoni. Hakuitikia. Akafungua kanga akamtoa mtoto mgongoni akamleta kifuani, akamfunika kichwa chote, akasimama. Akamwambia mwenzie neno moja, "nogi", mchawi, na wala hakunong'ona. Mzee wa balaghashia, huyu huyu wa polisi, akacheka akasema afadhali tukae upande wenye upepo. Yule dada naye akamvuta mwanae. Aisee huyo simlaumu, kwa aliyoyapitia angemwogopa hata mbuzi. Ila benchi la watu sita likabaki na bibi peke yake, kashika kifuko chake cha plastiki magotini.

"Huyu bibi kaja na nani?" mama akauliza.

Nilikuwa hatua kama tatu hivi. Nikageuka nikaenda ukingoni kuangalia maji.

Nimelifikiria sana hilo benchi. Watu wale hawakuwa wabaya, dakika kumi nyuma walikuwa tayari kupigana kwa ajili ya mtoto wasiyemjua. Nadhani tofauti ni kwamba mtoto alikuwa na wa kumsemea, redio kila siku, serikali nzima, mbunge mwenye ualbino alikuwa ameshateuliwa mwaka uliotangulia, kumtania hadharani ilikuwa imeshakuwa aibu. Bibi nani amlilie bungeni? Halafu yeye hakuonekana kama mtu anayeonewa, yeye ndo alikuwa hatari yenyewe, kwa hiyo ukimkimbia huoni kama umemtenga, unaona umemwokoa mwanao. Na cha ajabu yule mama mwenyewe alikuwa ananuka moshi wa samaki kuanzia kanga mpaka nywele, na macho yake, niliyaona vizuri wakati anamfokea yule kijana, yalishaanza kuwa ya rangi ya bibi.

Tulivyoshuka Kigongo bibi hakulalamika, alisema tu, "Mume wangu alikuwa kaenda wapi?" maana mimi mjukuu wake wa kiume ndo alikuwa ananiita hivyo. Nikasema nilikuwa naangalia boti. Akasema "ee, boti", akanyamaza mpaka Buhongwa.

Daktari alisema ni moshi na vikope vya zamani, akampa dawa ya kupaka, akasema akae mbali na vumbi na jua. Mjomba akamnunulia miwani myeusi mikubwa pale Makoroboi, alivyoivaa tulicheka hadi yeye akacheka.

Wiki ilofuata nikamrudisha. Safari hii nilikaa naye benchi moja, nimemshika mkono, sijui nilikuwa namwonyesha nani. Watu wakatupisha wenyewe. "Shikamoo bibi," "pole bibi," kijana mmoja akambebea mzigo. Katikati ya maji mama mmoja akapita akamwekea shilingi 200 kiganjani, akamfumba vidole taratibu, akaniambia, "Mungu akubariki kwa kumwongoza kipofu."

Bibi akasubiri mama afike mbali, akashusha miwani kidogo akaichungulia ile sarafu.

"Kanunue karanga," akasema, "haraka, kabla hawajajua naona."