Bwawa la uani: tuta la kwanza limekwenda na maji

Jumamosi. Tuta limebomoka. Kazi ya Jumamosi tatu imeondoka kwa muda usiofika dakika mbili, maji yakaishia kwenye mkaa wa jirani. Nimemlipa, tumeelewana.

Kwa aliyechelewa: hapa kwangu Walukuba, Jinja, najenga mfano wa Bujagali, bwawa la umeme kwenye Mto Nile, sentimita 1 kwa kila mita 1. Tuta lake la mawe lina kimo cha mita 30 hivi, langu sentimita 30. Ningeweza kuiga Nalubaale, bwawa lililo juu yake mtoni, lakini ile ni zege ya mwaka 1954, na saruji nani ataninunulia? Mawe naokota bure.

Ila mawe hayazuii maji. Yanaleta uzito tu. Anayezuia ni udongo wa mfinyanzi uliofichwa katikati. Nilichimba wa kichuguu, nikaushindilia kwa mchi hadi mikono ikachubuka, kisha nikaegemeza mawe moja kwa moja. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mchana yalianza kutoka matone chini ya tuta, maangavu kabisa. Hilo si baya, kila tuta huvuja kidogo. Baadaye yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Mtu wa mabwawa akiona maji yamebadilika rangi anakimbia. Mimi nikamwita mpwa wangu aje apige picha.

Jumapili. Nimefukua. Ndani ya udongo kuna tundu linaloingia kidole, limeanzia pale udongo ulipogusana na mawe. Maji yalikuwa yakiutoa chembe chembe, yakiusukumia kwenye mianya. Mchanga wa kutenganisha niliujua, nikaona uvivu kuchekecha.

Jumamosi iliyofuata. Nimeanza upya: udongo, mchanga uliochekechwa, kokoto ndogo, ndipo mawe.

"Mjomba, mchanga nao unapitisha maji, sasa wa kazi gani?"

"Maji yapite. Udongo usipite."

Tumejaza jerikeni nne. Hadi jioni yanayovuja nakinga kwenye glasi, na naona vidole vyangu ng'ambo.

Umeme sasa. Mota ya redio mbovu ya kaseti, mapanga ya vijiko vya plastiki. Taa moja ndogo imemetameta, ikazima. Nikapiga hesabu: lita 1 kwa sekunde ikishuka sentimita 25 haifiki hata wati 2 na nusu, na jerikeni nzima inaisha kwa sekunde 20. Bujagali nayo haitegemei kimo kikubwa, inategemea Nile: maji yaleyale yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya Nalubaale na ya kituo jirani cha Kiira yanashuka kuzungusha mingine 5, kila mmoja megawati 50. Mimi nina bomba la uani, na bili yake.

Bado sijatengeneza njia ya kumwaga maji ya ziada. Tuta la mawe likifurikwa kwa juu halina ujanja, na mawingu upande wa ziwa yamekuwa mazito. Nimelifunika kwa turubali.