Babu kaenda Burma, karatasi zimebaki kwa bibi

Babu mzaa mama na mdogo wake waliingia Keya mwaka mmoja, 1942, wakitokea Mwambani, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Babu alirudi, akalima, akazaa, akafia kitandani kwake sisi wajukuu tukiwa bado wadogo. Mdogo wake hakurudi. Nimewatafuta wote wawili kwenye karatasi za Waingereza, na kilichonifanya nikae niandike ni hiki: aliyekufa nilimpata upesi kuliko aliyeishi.

Kwa vijana wasiolijua jina hilo, Keya ni King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki na Nyasaland, Malawi ya leo. Kikosi cha 6 ndicho kilichokuja kuwa cha Tanganyika, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto vikaongezwa vingine, vikiwamo cha 26 na cha 36. Watanganyika zaidi ya 80,000 walivaa sare katika vita ile. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, ambao majina yao yamo katika kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, walipita huko huko Burma, nchi inayoitwa sasa Myanmar. Ukikaa barazani Ngamiani jioni ukalitaja Keya, hukosi mtu wa kukwambia, "Hata babu yetu."

Nianze na marehemu wa baharini.

Nyumbani kwetu habari yake ilikuwa fupi: alizama na meli. Meli gani, mwaka gani, hakuna aliyejua. Nikaenda kwa mama mkubwa, mtoto wa kwanza wa babu, ambaye sasa amevuka themanini na kumbukumbu yake ni nzima. Baada ya shikamoo na chai nikamuuliza alichosikia kwa bibi. Akaniambia, "Ami alikuwa mtu wa mizinga, si wa bunduki kama baba. Salamu zake za mwisho zilitoka Kilindini, na kaskazi ilikuwa inavuma. Baada ya kaskazi ile, kimya."

Maneno hayo machache yalitosha. Kaskazi ni kati ya Desemba na Machi. Meli iliyobeba watu wa mizinga kutoka Mombasa wakati wa kaskazi, ikazama, ni Khedive Ismail. Iliondoka mapema Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa kwenye msafara wa meli zenye ulinzi. Jumamosi ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika 3. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na wengi wao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo pia manesi kutoka Uingereza. Nyambizi nayo ilizamishwa siku ile ile na meli za kivita zilizokuwa zikilinda msafara. Ninaposoma habari hizi nafikiria vijana wa pwani waliokua wakiogelea tangu hawajaanza chuo. Walikuwa ndani ya tumbo la meli, na dakika tatu hazimtoshi mtu hata kupanda ngazi.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta jina bila malipo. Kwa jina sikupata kitu. Jina lake la kwanza ni la kawaida mno hapa Tanga, na makarani wa jeshi waliandika walivyosikia: Hamisi mmoja utamkuta kama Hamis, Khamis na Amisi. Nikaacha jina nikatafuta kwa tarehe. Ukiweka 12 Februari 1944 na jeshi la Afrika Mashariki, orodha inakuja nzima, na kazi inayobaki ni kusoma jina baada ya jina. Nilisoma usiku, watoto wakishalala, nikitamka kila moja kwa sauti ya chini, maana jicho linaruka ila sikio linakamata. Ndivyo nilivyomkamata. Jina la baba yao limeandikwa vibaya, silabi mbili zimebadilishana mahali, lakini ukilitamka ndilo. Limechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, pamoja na ya wenzake wasio na kaburi.

Nilipompelekea mama mkubwa habari, swali lake la kwanza lilikuwa, "Huo ulikuwa mfunguo wa ngapi?" Nikahesabu nyuma: katikati ya Safar, 1363. Tangu hapo hitma yake inasomwa Safar. Zamani alikuwa akitajwa tu mwishoni mwa hitma za wengine, kwa kuwa hakuwa na siku yake.

Babu sasa. Kwake nilidhani kazi itakuwa nyepesi, maana tunavyo vitu vyake. Mama mkubwa anavyo kwenye kasha, ndani ya kopo la bati: medali mbili na karatasi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka. Medali moja ni nyota ya shaba yenye ncha sita, ncha moja imepinda, na katikati kuna taji na maandishi yanayotaja Burma. Utepe wake umekufa rangi, ila ukiufunua kwenye mkunjo unaona bado wekundu mpana katikati na buluu pembeni. Ya pili ni ya mviringo, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amemkanyaga joka mwenye vichwa viwili. Nimezigeuza mno zote mbili nikitafuta jina. Medali za vita vya kwanza Waingereza walizichonga jina na namba ya mtu ukingoni. Hizi za vita vya pili walizitoa tupu. Ukizikuta sokoni huwezi kujua zilikuwa za kifua cha nani.

Karatasi ndiyo iliyosema. Ni cheti cha kuachishwa jeshi: namba, jina, jina la baba, kabila, wilaya, alama za mwilini, tabia. Na kikosi: 36.

Kikosi cha 36 kilikuwa katika Brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa nembo ya kichwa cha kifaru begani. Walifanya mazoezi Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, kisha katikati ya 1944 wakaingizwa Burma katika msimu wa mvua, wakati ambao majeshi mengi hungoja kukauke. Waliteremka bonde la Kabaw kutoka Tamu kwenda kusini, bonde lenye malaria na tope la kumeza magari, wakila chakula kilichodondoshwa na ndege. Tarehe 2 Desemba 1944 Divisheni ikaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako palijengwa daraja la chuma la zaidi ya mita 300. Mama mkubwa anasema babu hakuwa msimulizi. Alilolitaja ni ruba, waliokuwa wakipenya hadi kwenye matundu ya kamba za buti, na kwamba mvua ya Burma haikumwacha mtu akauke hata siku moja.

Shajara za vita za vikosi hivi zimehifadhiwa Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, katika fungu linaloitwa WO 172. Kijana wa jirani yetu anayesoma huko aliniombea faili akanipigia picha kurasa. Nilizisoma kwa pupa. Nilikuta mvua, doria, kuvuka vijito, saa za kuondoka na saa za kufika. Maafisa wa Kizungu wanatajwa kwa majina, kila mmoja na cheo chake. Askari wa Kiafrika wanahesabiwa: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Basi babu yumo mle, najua yumo, ndani ya hesabu. Na mafaili ya askari mmoja mmoja wa Kiafrika huko Kew hayapo.

Hilo liliniuma, halafu nikakumbuka kwamba baba yake babu alibeba mizigo ya Waingereza katika vita vya kwanza, na kwa watu wa namna yake hata hesabu haipo. Tanga inatajwa kwenye vitabu kwa mapigano ya Novemba 1914, kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa jeshi la Wahindi la Waingereza lililoshindwa, na kwa nyuki waliowavamia. Wapagazi wa miaka iliyofuata, karibu milioni moja kwa upande wa Waingereza, wengi walikufa kwa njaa na kuhara. Mwaka 2021 Tume ile ile ya makaburi ilikiri katika ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Baba za babu zetu wamo humo. Sijui neno la kulipima jambo hili isipokuwa dhuluma.

Kilichonifungulia njia ni askari mstaafu mmoja, si wa Keya, bali wa jeshi letu, niliyemweleza habari hii msibani. Akaniuliza, "Mke wake alikula nini miaka hiyo?" Askari wa Keya aliacha sehemu ya mshahara ilipwe kwa familia, na malipo yalipitia ofisi ya wilaya, Boma. Kwa hiyo mtu aliyeingia kwenye vitabu vya serikali kila mwezi hakuwa babu aliyekuwa msituni Burma. Alikuwa bibi.

Nikaenda Dar es Salaam, Upanga, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Unajaza fomu, unalipa ada, unaomba mafaili. Mafaili ya utawala wa mkoa yananuka vumbi na yamekatika pembeni, lakini yapo. Ndani ya moja nilikuta orodha ya wanaolipwa fedha za askari: namba ya askari, kikosi, jina la mpokeaji, uhusiano, kiasi, sahihi. Namba ilikuwa ile ya cheti cha babu, tarakimu kwa tarakimu. Mpokeaji, mke. Shilingi 14. Na kwenye sahihi, alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, imekatwa katikati na mstari mweupe wa mshazari.

Nilimpelekea mama mkubwa picha kwenye simu, nikaikuza. Hakungoja nimsomee jina. Akasema, "Hilo kovu la mbuzi." Bibi alijikata kwenye mbuzi akikuna nazi kabla hajaolewa, na kovu alikufa nalo. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa mgongoni miaka hiyo ya malipo, wakitoka Mwambani alfajiri kwa miguu ili kuwahi foleni ya Boma. Kuna mwezi mmoja ambao alama si yake. Karani ameandika kwamba mpokeaji ni mgonjwa, amekuja kaka yake. Mwezi uliofuata kovu limerudi.

Tangu siku hiyo mama mkubwa akaanza kutoa karatasi ambazo hakuwahi kuzionyesha kwa kuwa hakuna aliyemuuliza habari za bibi. Wote tuliuliza habari za babu. Moja ni hati ya mauziano ya shamba la minazi, la 1945, mnunuzi akiwa bibi, dole lile lile. Shamba hilo tumeliita shamba la babu maisha yetu yote, tukiamini alilinunua kwa fedha za vita aliporudi. Alipolinunua bibi, babu hata hajashuka melini. Na nadhani aliporudi hakuwa na cha kununulia. Mwaka 2019 ilitolewa hadharani hati ya enzi hizo inayoonyesha kiinua mgongo cha vita: askari Mzungu wa cheo cha chini alipewa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Risasi zilikuwa zile zile, ruba wale wale.

Kwa hiyo wewe mwenye babu wa Keya, ukianza, usianzie London. Aliyekufa mtafute kwa tarehe kwenye orodha za Tume, na kama ni wa Burma, angalia pia Taukkyan, nje ya Rangoon, ambako mnara una majina karibu 27,000. Aliyerudi mtafute kupitia aliyemsubiri. Kaa na mama zako wakubwa na shangazi zako leo, uliza upepo gani ulikuwa unavuma, uliza nani alikwenda Boma, uliza kasha liko kwa nani. Piga picha karatasi mbele na nyuma kabla mchwa hajazifikia.

Mimi kwa sasa nashughulikia jina lililokosewa. Tume hupokea masahihisho ikiwa una ushahidi, nasi tunao: cheti cha babu kina jina la baba yao likiwa limeandikwa sawasawa. Nimewatumia nakala yake pamoja na maelezo ya mama mkubwa, ameyasema mwenyewe, nimeyaandika, naye ametia sahihi.