Ada bure, nauli je? Mdogo wangu na ule uanagenzi wa serikali

Kuna dada kaniuliza wiki hii kama amruhusu mwanae akajiandikishe kwenye yale mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi darasani na kazini kwa fundi, yanayolipiwa na serikali, nikamwambia mruhusu, tena leo leo, ila kaeni chini kwanza mpige hesabu ya nauli. Akashangaa, ananiambia si wamesema ni bure? Ndo nikaona niandike hapa maana hili jambo limepita nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alimaliza form four, matokeo hayakuwa mazuri, akakaa nyumbani miaka miwili. Mnajua kijana wa kiume akikaa nyumbani inavyokuwa, anaamka saa nne, anashika simu, mama anamuonea huruma, baba anaongea kwa mafumbo kila akipita sebuleni. Tangazo tuliliona kwenye simu, ile programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, vijana wa miaka 15 mpaka 35, miezi sita, ada yote inalipwa. Akachagua uchomeleaji. Majina yalipotoka na lake likawemo, mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa tuje kwenye hiyo bure. Ada kweli hatukulipa hata mia. Lakini chuo alichopangiwa kilikuwa cha kutwa na kilikuwa mbali, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, hiyo ni 2,400 kwa siku, 12,000 kwa wiki, miezi sita ni kama wiki 26 kwaio unaongelea 312,000 na hapo hajaweka kitu tumboni. Alafu linganisha, ada ya VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, kwa kozi ndefu ya kutwa ni 60,000 kwa mwaka mzima. Yani ile nauli ya miezi sita ingemlipia mtu ada ya miaka mitano na chenji ikabaki. Mimi ndo nilikuwa naitoa, kwenye mauzo ya vitenge, na kuna wiki nilikuwa nakopa. Mwezi wa pili wenzake wakaanza kupungua. Kulikuwa na mmoja anatoka Chanika, huko pembezoni mwa Dar, mdogo wangu anasema ndo alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, akaanza kuja siku tatu, akaja mbili, akapotea. Huyo kwenye makaratasi ataitwa mtoro, na iliniuma sana kwasababu hakuwa mtoro, alikuwa hana nauli tu.

Na hizi hela jamani si sadaka ya mtu. Sehemu ya hela za mafunzo ya ufundi nchini kwetu Tanzania inatoka kwenye tozo ya SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, wanayolipa waajiri kutokana na mishahara ya wafanyakazi wao. Ilikuwa asilimia 6, ikashuka 5 mwaka 2013, ikaja 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2020 na 3.5 mwaka 2023. Waajiri walikuwa wanaililia miaka yote na nawaelewa, biashara ngumu. Ila kila ikishuka mimi namuwaza yule kijana wa Chanika.

Baada ya muda wa darasani wakapelekwa kazini, maana uanagenzi ndo huo, unajifunza kwa fundi, kazi ya mteja kweli iko mbele yako. Yeye akapangiwa karakana moja ya mageti na grili. Wiki ya kwanza hakushika mashine kabisa. Alifagia, alishikilia upande wa pili wa bomba fundi akikata na grainda, akasugua kutu kwa brashi ya waya. Nilikasirika, nikasema wamempeleka akawe mfagizi. Siku moja nikampelekea chakula nikakaa pembeni kwenye benchi. Fundi akaokota vipande viwili vya skwea paipu vilivyobaki kwenye geti la mtu akamwambia haya unganisha. Mdogo wangu akagusisha fimbo ya kuchomelea, ikanata kwenye chuma, akaivuta, ikanata tena, jasho linamtoka. Fundi akaja kwa nyuma akamshika kifundo cha mkono, akamwambia usikandamize, sikiliza, ikilia kama mafuta yanayokaanga mihogo hapo umepatia. Na mimi nikausikia ule mlio ulivyobadilika. Akagonga na nyundo ganda likadondoka, chini yake mshono umelala umepangana kama magamba ya samaki. Mdogo wangu hakucheka wala hakusema kitu, akachukua vipande vingine viwili. Nilirudi nyumbani nimenyamaza, hasira zote zimeisha.

Yule fundi siku hiyo aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Anasema dada, mwanagenzi mmoja akiwa anajifunza anamaliza fimbo kama mafundi wawili, anaharibu chuma, umeme unaenda, na mteja anataka geti lake ijumaa. Hakuwa analalamika ili asimpokee, alimpokea, na alimpokea na binti mmoja wa darasa lao hilo hilo. Ila ni haki yake tumuulize anasaidiwa na nini. Tunaongea sana kuhusu vijana kupata nafasi, tunamsahau mwenye karakana anayeibeba hiyo nafasi mfukoni kwake.

Na huyo fundi mwenyewe alikaa kwenye chuma zaidi ya miaka 20 bila cheti. Kashika vibarua, kafungua banda, kafundisha watu wana mabanda yao saivi, lakini kila kazi kubwa ikitokea anaulizwa vyeti. Akasikia kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ule mpango ambao mtu aliyejifunzia kazini anapimwa anachokijua, anahojiwa, anafanya kazi kwa vitendo mbele ya wapimaji, palipopungua anafundishwa, akifaulu anapewa cheti cha VETA. Akaenda. Cheti chake kakitundika ukutani kwenye fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, na kona za ile fremu ukizitazama huoni palipoungana.

Hapa ndo nina shida yangu kubwa. Mdogo wangu alivomaliza miezi sita, siku ya kupewa vyeti kulikuwa na hotuba nzuri, picha zikapigwa, watu wakaambiwa mkajiajiri. Hakuna hata mtu mmoja aliyewaambia kwamba mbele kuna ngazi. Wale vijana wengi wanajua hiyo karatasi ndo mwisho. Kumbe kwenye mafunzo ya VETA kuna ngazi za Level 1, Level 2, Level 3, na ukifika ya tatu milango ya vyuo vya ufundi vya juu inaanza kufunguka, japo masharti ya kidato cha nne uyasome vizuri kwa kila chuo. Mimi nimeyajua haya kwa kwenda kuuliza mwenyewe dirishani, nikajibiwa vizuri tu kwa dakika kumi. Dakika kumi hizo zingesemwa pale kwenye mahafali vijana wale wote wangetoka na ramani.

Miezi sita inakutoa kitandani, inakupa mkono. Haikufanyi fundi, na mdogo wangu wala hadanganyi kuhusu hilo, anasema bado grili za maua zinamshinda na akichomelea chuma kilicho juu ya kichwa chake mshono unamdondokea. Anahitaji muda, anahitaji mtu wa kumpima na kumpandisha. Kwaio kama ningepata nafasi ya kuongea na wanaopanga haya mambo ningeomba hata wapunguze idadi ya wanaoingia, hela inayobaki iende kwenye nauli za walioingia na fimbo za mafundi wanaowapokea. Najua idadi kubwa inapendeza kwenye ripoti. Lakini wanaoanza ni wengi kuliko wanaofika, na tunaoishi nao ndo tunaona.

Yeye bado yupo kwa fundi yule yule, analipwa kwa kazi, na zile jumamosi ambazo hakuna kazi anafanyia mazoezi vipande. Jumanne tunaenda wote chuoni wampime wajue anaingia level gani. Nauli safari hii anatoa yeye, kaniambia vitenge vyangu nivipumzishe.