Kabla hujanunua chambo, angalia rodi yako inapinda wapi

Watu wengi wakienda kununua chambo bandia wanaangalia rangi tu, mimi nasema anza na rodi, yaani fimbo ya kuvulia. Ile inayopinda kwenye ncha tu, ngumu kuanzia katikati, ni ya jigi (ndoano yenye kichwa kizito cha risasi) na samaki wa mpira wenye ndoano moja nene, maana sangara ana mdomo mgumu na ukivuta kwa nguvu ndoano inazama saa hiyohiyo, tena unausikia kila mguso kule chini kwenye mawe.

Sasa wale samaki wa plastiki wenye ulimi mbele, wa kukokota nyuma ya boti, wana ndoano nyembamba za matawi matatu, hapo chukua rodi inayopinda mpaka katikati. Sangara wa Ziwa Victoria akiruka anatikisa kichwa balaa, kwa rodi ngumu mshipi unalegea ghafla anatema, ila rodi laini inaumeza ule mtikisiko. Na kama umefunga mshipi wa kusuka, ambao hauvutiki kama nailoni, ulaini wa rodi ndo kila kitu, legeza na breki ya rili (kile kikunjio cha mshipi) kidogo.

Halafu jamani, pale rodi inapopinda sio kipimo cha nguvu yake, rodi ya samaki wakubwa nayo inaweza kupinda mpaka katikati, soma maandishi pale juu ya mpini.